Mbona ‘run’ haiishii kwenye kukimbia? Jibu kwa dada wa mapokezi, Dodoma

Swali: “Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Dodoma, upande wa Nzuguni. Shuleni nilifundishwa kwamba ‘run’ ni kukimbia, basi. Lakini wageni wananichanganya. Mmoja aliniuliza, ‘Who runs this place?’ Mwingine akaja na kuniambia, ‘We’ve run out of towels.’ Halafu mzee mmoja Mwingereza akaniomba, ‘Can you run me to the station?’ nikabaki namtazama tu. Kamusi niliyoazima ina kurasa kadhaa za neno hili moja. Nizikariri maana zote? Na mimi mwenyewe nilitumie ninapoongea na wageni na ninapoandika, au nibaki na maneno niliyofundishwa?”

Marahaba, dada. Usikariri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi wakiteseka bure. Wanaandika kwenye daftari: run ni kukimbia, run ni kuendesha, run ni kuisha, run ni kutiririka, mpaka ukurasa unajaa. Kesho yake mgeni anatamka sentensi mpya na wao wanarudi kulekule kwenye kukimbia. Kumbukumbu zao hazina tatizo lolote. Orodha ya namna hiyo inaitafuta maana ndani ya ‘run’ lenyewe, na sehemu kubwa ya maana haimo humo. Imo kwenye maneno ya kushoto na kulia kwake: ni nani au nini kinachotenda, na baada ya hapo linafuata neno gani.

Kamusi uliyoazima haijazidisha chumvi. Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza, ilipotoka chapa yake ya pili mwaka 1989 ikiwa na juzuu 20, neno lililokuwa limechukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa ‘set’. Wahariri walipolipitia upya ‘run’, ikajulikana mwaka 2011 kwamba kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Idadi hiyo isikutishe. Kamusi ile ni ya historia ya maneno: inaanza na maana kongwe kabisa, na inahifadhi hata zile zilizokufa zamani na zile zinazojulikana na mabaharia peke yao. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kaunta na mgeni anasubiri funguo. Tafuta kamusi ya wanafunzi, yenye jalada laini na mifano mingi. Hizo hutanguliza maana zinazotumika sana, na misemo kama ‘run out’ na ‘run into’ huiweka peke yake mwishoni mwa maelezo ya neno, mahali unapoweza kuiona haraka.

Sasa mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili hapo hapo mapokezini kwako. Amefundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu. Asubuhi anaambiwa mhudumu anapiga deki, mwenzake anapiga pasi, dereva nje anapiga honi, meneja anapiga simu. Mzee wa chumba cha pili anapiga mswaki, halafu anapiga chafya. Jioni taarifa ya habari inasema wabunge wamepiga kura. Siku nzima imejaa kupiga na hakuna aliyeumia. Wewe hukuwahi kukaa chini ukariri maana za ‘piga’. Uliyasikia maneno yakiwa mawili mawili tangu utotoni, piga hodi, piga magoti, piga miayo, na mpaka leo mtu akitamka ‘piga’ akanyamaza, unasubiri amalizie kwa sababu hujajua bado anasema nini. Masikio yako tayari yana ujuzi unaoutafuta. Kazi iliyobaki ni kuuhamishia kwenye Kiingereza.

‘Run’ nalo lina kiini chake, na ukikishika, nusu ya zile maana zinajieleza. Kiini hicho ni kwenda bila kukatika. Mtu akienda hivyo kwa miguu, upesi, tunasema anakimbia. Lakini tangu zamani maji nayo yamekuwamo. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kina ‘rennen’ kwa anayekimbia na ‘rinnen’ kwa maji yanayotiririka, na yote mawili ni ya ukoo mmoja na ‘run’. Mito yetu ya huku katikati ya nchi inafaa sana kwa mfano. Miezi mingi ya mwaka korongo ni mchanga mtupu, watoto wanapita humo kwenda shule. Mvua za Desemba zikishuka, linajaa maji. Mwingereza atasema, ‘The river runs only in the rainy season.’

Upande huu wa maji ndio utakaokusaidia zaidi kazini kwako, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mgao ukifika, mgeni atakwambia ‘There’s no running water’, maana yake bombani hayatoki. Akikuta bomba limeachwa wazi, atasema ‘Someone left the tap running.’ Ukimshauri afungulie maji ya moto na kusubiri kidogo mpaka yapate joto, mwambie ‘Let it run for a minute.’ Mwenye mafua anasema ‘My nose is running’, makamasi yanamtoka. Kitenge chekundu kikifuliwa pamoja na shuka jeupe, ‘the colour has run’: rangi imechuja na kuingia kwenye shuka, na hapo jiandae kwa malalamiko. Na mgeni akija kaunta akainama na kusema kwa sauti ya chini ‘I’ve got the runs’, usimcheke na usimwulize anakimbia kwenda wapi. Anaharisha. Mpe maji safi ya kunywa, mwelekeze duka la dawa akapate ORS. Kiswahili kimefika mahali hapohapo kwa njia yake chenyewe, maana sisi nasi tunasema ‘tumbo linaniendesha’.

Kutoka kwenye maji, neno likafika kwenye mashine na vyombo vya safari. ‘The generator is running’: jenereta inafanya kazi. ‘He left the engine running’: hakuzima gari. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, bila shaka umeulizwa ‘Is the train running today?’ Mgeni hataki kujua mwendo wa treni. Anauliza kama leo safari ipo. ‘How often does it run?’ ni kutaka kujua ina safari ngapi. ‘It’s running late’ ni kwamba imechelewa, na mtu naye akikupigia simu akasema ‘I’m running late’, atachelewa kufika, basi usimpe mwingine chumba chake.

Hata kisichosogea kinaweza ku-run, mradi kimenyooka bila kukatika. ‘The road runs from Iringa through Dodoma to Kondoa and Babati.’ Hilo lisikushangaze, maana sisi pia tunasema barabara inakwenda Kondoa ilhali imelala palepale. Vivyo hivyo kwa muda: mkataba wa miaka miwili ‘runs for two years’, semina iliyoendelea hadi jioni ‘ran until six’. Kuna moja ya kuitega sikio: ‘three nights running’. Hapo ‘running’ linakaa baada ya hesabu na maana yake ni mfululizo. Mgeni akiandika ‘No hot water three nights running’, anasema usiku mara tatu mfululizo alioga maji baridi.

Tuje kwa swali la yule aliyeuliza nani ‘runs this place’. Hapa pana jambo ambalo naliona ni ufunguo wa neno lote, na silioni likifundishwa inavyostahili.

Kiswahili kikitaka kusema mtu amekifanya kitu kiende, kinabadili kitenzi chenyewe. Enda inazaa endesha. Kimbia inazaa kimbiza. Mwenge wa Uhuru haukimbii wenyewe, unakimbizwa, na wanaoubeba ni wakimbiza Mwenge. Ukiisikia ile -esha au -iza, papo hapo unajua kuna anayetenda na kuna kinachotendwa. Katika ‘run’ hakuna kiambishi cha namna hiyo. Neno linabaki vilevile, na kinachofanya kazi ya -esha ni nafasi tu. Kwa hiyo ukikuta jina la kitu au la mtu limekaa mara tu baada ya ‘run’, bila ‘to’ wala ‘from’ wala ‘into’ katikati, jaribu kwanza kulitafsiri kwa kauli ya kutendesha.

‘She runs every morning’: anakimbia kila asubuhi. Asubuhi ni wakati, haitendwi chochote. ‘She runs a salon’: anaendesha saluni. ‘The buses run at night’: mabasi yanasafiri usiku. ‘They run buses to Singida’: wana mabasi yao ya Singida, wao ndio wanaoyaendesha kama biashara. ‘We run the generator at night’: usiku tunawasha jenereta. Sasa mrudie yule mzee wako. ‘Can you run me to the station?’ Hapo ‘me’ limekaa mara tu baada ya ‘run’, kwa hiyo yeye ndiye anayetendwa: mfanye aende, yaani mpeleke kwa gari hadi stesheni. Ni Kiingereza cha Uingereza cha mazungumzo, Mmarekani angesema ‘drive me’ au ‘give me a ride’. Hakuomba umkimbize wala ukimbie naye. Kama nyumba yenu haina gari, jibu zuri ni ‘We don’t have a car, but I can call a taxi for you’, au bajaji, kama mizigo yake ni michache.

Kanuni hiyo ina vichwa ngumu vyake. ‘Run a marathon’ ni kukimbia kwelikweli. ‘She’s running a temperature’ ni kwamba ana homa. ‘He ran a red light’ ni kwamba amepita taa nyekundu. Hizi hazitii -esha na utazichukua nzima, kama tunavyochukua ‘kula hasara’ na ‘kula kiapo’ bila kuuliza hasara ina ladha gani.

Jambo lingine kwenye lile swali: ku-run si kumiliki. Ukiulizwa ‘Who runs this place?’, jibu ni jina la msimamizi wa kila siku, hata kama mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam na hajakanyaga hapo tangu Pasaka. Anayetaka kumjua mwenye mali atauliza ‘Who owns it?’ Wengi huvichanganya hivi viwili, wakaanza kumweleza mgeni habari za mwenye nyumba na familia yake, kumbe yeye alitaka tu mtu wa kumlalamikia juu ya godoro.

Sasa taulo. Hapa Kiswahili chako kitakubeba hadi mwisho. Tuna ‘isha’ na tuna ‘ishiwa’. Taulo zimeisha, tumeishiwa taulo. Katika sentensi ya kwanza kinachoanza ni kitu, katika ya pili anaanza mtu aliyekikosa. Kiingereza kinazo zote mbili: ‘The towels have run out’ na ‘We’ve run out of towels.’ Akianza mtu, lazima ‘of’ iwepo. Ikianguka, sentensi inavunjika. Huku kwetu watu wengi husema ‘The towels are finished’, na mgeni aliyekaa Afrika Mashariki ataielewa bila shida. Mimi siipigi marufuku. Lakini ‘We are finished towels’ haipo kabisa, na hiyo ndiyo inayotoka mdomoni mtu akijaribu kutafsiri ‘tumeishiwa’ neno kwa neno. Ukiona zimebaki chache, sema ‘We’re running low on towels’, zinakaribia kuisha. Elewa pia kwamba mgeni aliyekuja kaunta na sentensi ile hakuja kukupa taarifa. Ni ombi la adabu: anataka taulo, na anazitaka sasa.

Maneno madogo mengine yanayoifuata ‘run’ yana tabia hiyohiyo ya kubadili kila kitu, nawe utazame kinachokuja baada yake. ‘I ran into your brother at Majengo market’ ni kwamba amekutana na kaka yako sokoni bila kutarajia, lakini ‘The car ran into a wall’ ni ajali. ‘A lorry ran over a goat near Manyoni’: lori limemkanyaga mbuzi. ‘My phone has run down’: chaji imeisha. Mgeni akisema ‘Can we run through the bill?’ anataka mpitie ankara pamoja, mstari kwa mstari. Akisema ‘I’ve run up quite a bill’, anakiri kwamba deni lake limekuwa kubwa. Na hii nakuomba uifanye yako, maana itakuokoa kila unapoombwa punguzo la bei: ‘Let me run it by my manager.’ Ni ‘ngoja nimshirikishe meneja’, laini, haiahidi wala haikatai.

Mambo ya siasa na michezo nitayapita haraka. Dodoma ni mji wa Bunge, kwa hiyo utasikia ‘run for office’, ambayo ni kugombea. Waingereza wao husema ‘stand’, na wengine wanaona ajabu kwamba nchi moja wagombea wanakimbia na nyingine wanasimama. Mgombea mwenza ni ‘running mate’, msemo uliotoka kwenye mashindano ya farasi. Na wageni wako wakiwa wanatazama kriketi kwenye runinga ya ukumbini, ‘runs’ ni alama zinazohesabiwa: mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa chini ni ‘runs’ 4, ukivuka hewani ni 6.

Umeuliza kama ulitumie mwenyewe. Kwanza nieleze kwa nini linakupa shida wakati maneno marefu hayakupi. Sisi Kiingereza tunakabidhiwa kidato cha kwanza kama lugha ya biolojia, jiografia na uraia. Tunakutana na ‘administer’, ‘operate’ na ‘function’ kabla ya kusikia mtu akiongea nyumbani kwake. Maneno hayo marefu yana asili ya Kilatini, na mengi ya jamii yake yalipitia Kifaransa, mkondo uliopata nguvu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na lugha yao ikawa lugha ya watawala na mahakama. Maneno mafupi ya zamani, ‘run’, ‘set’, ‘put’, ‘get’, ‘take’, yalibaki jikoni, shambani na barabarani, na kila kilipozuka kitu kipya yakabebeshwa na hicho. Ndiyo maana mtu aliyefaulu mtihani wa Kiingereza anaweza kusoma gazeti lote la London halafu akakwama kwa mgeni anayeomba taulo. Hujafundishwa vibaya, dada. Umefundishwa Kiingereza cha vitabu, na sasa unakutana na kile cha midomoni.

Kwenye mazungumzo, basi, litumie, ukianza na sentensi unazozihitaji kila siku na kuacha nyingine mpaka zikufikie. Weka kijitabu chini ya kaunta. Mgeni akitamka sentensi yenye ‘run’, iandike nzima kama alivyoisema, na pembeni andika alichokuwa anakitaka, kwa Kiswahili cha kawaida: taulo, gari, meneja. Usiandike tafsiri ya neno. Baada ya muda utaona sentensi zenyewe zinajipanga: hizi za maji, hizi za kuendesha, hizi za kuishiwa. Angalia na wakati uliopita, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza: jana treni ‘ran late’, na taulo ‘have run out’. ‘Runned’ haipo.

Kwenye maandishi kuwa mwangalifu zaidi. Tangazo la ukutani liwe na maneno yasiyo na utata: ‘Hot water is available from 6 a.m.’ litaeleweka na Mchina, Mjerumani na Mturuki kwa pamoja, ilhali ‘The hot water runs from 6’ litawachanganya kama lilivyokuchanganya wewe. Na ukiandika barua ya kuomba kazi kwenye hoteli kubwa, usiandike ‘I run the reception’ kama mko watatu na kiongozi ni mwingine, maana utakuwa umejitangaza kuwa mkuu wa mapokezi na kwenye usaili watakuuliza maswali ya mkuu. Andika ‘I work at the reception.’ Lakini kama zamu ya usiku unaishika peke yako, unapokea wageni, unagawa vyumba, unafunga hesabu asubuhi, basi ‘I run the night reception’ ni kweli tupu na unastahili kuiandika. Mwajiri anayekijua Kiingereza ataielewa upesi kuliko ukimwandikia kwamba ulikuwa ‘responsible for the administration of reception activities’.